SOMO LA WIKI: Mfumo mzuri wa kompyuta na hisa zilizoyeyuka

Mwezi Julai 1999 kampuni ndogo ya California iitwayo Be iliuza hisa zake kwa umma kwa mara ya kwanza katika soko la Nasdaq nchini Marekani. Bei ilikuwa dola 6 kwa hisa. Kufikia majira ya mwaka mpya wa 2000 hisa hiyo hiyo ilikuwa imepita dola 30. Agosti 2001, miaka miwili na mwezi mmoja tu baada ya kuingia sokoni, kampuni ilikubali kuuza karibu kila kitu chake cha thamani, yaani programu na haki zake, kwa dola milioni 11. Na hata hizo hazikuwa fedha taslimu. Mnunuzi, kampuni ya Palm, alilipa kwa hisa zake mwenyewe.

Tumezoea kuona kampuni ikianguka kwa sababu ambazo mtu anaweza kumweleza mke wake jioni akaelewa: meneja kafuja fedha, mkopo wa benki umezidi nguvu, mzigo umekwama bandarini. Be haikuwa na lolote kati ya hayo. Ilikuwa na bidhaa, bidhaa ilifanya kazi, na wengi walioijaribu waliisifu kuliko ile iliyokuwa imetawala soko. Ndiyo maana inafaa kuwa somo la wiki hii. Siku hizi vijana wetu wananunua hisa za makampuni ya teknolojia ya ng'ambo kwa kubonyeza simu, na swali wanaloanza nalo ni moja: je, bidhaa ni nzuri? Katika biashara ya mifumo endeshi ya kompyuta swali hilo halitoshi kabisa, na nitaeleza kwa nini.

Kwanza tuelewane. Mfumo endeshi ni ile programu mama inayoamka unapowasha kompyuta, kabla hujafungua barua wala hesabu zako. Ndiyo inayogawa kumbukumbu ya mashine, inayopanga mafaili, inayoongea na kibodi, kioo na printa. Windows ya Microsoft ni mfumo endeshi. Vivyo hivyo Linux, na Android iliyo katika simu nyingi za wasomaji wetu. Peke yake haiuzi mkate wala haitoi stakabadhi. Thamani yake ni programu nyingine zinazokaa juu yake.

Fikiria soko jipya la manispaa. Sakafu ni ya zege, vizimba vimepakwa rangi, maji yapo, choo kipo. Wafanyabiashara wanahamishwa kutoka barabarani, wanakaa wiki mbili, kisha mmoja mmoja wanarudi kwenye vumbi. Ukimuuliza mama wa nyanya atakwambia wateja hawafiki kule. Ukimuuliza mteja atakwambia kule hakuna wauzaji. Wote wawili wanasema kweli, na aliyejenga anabaki na jengo zuri na deni. Aliyeandika mfumo endeshi mpya ni huyo mjenzi. Watumiaji hawaji kwa sababu hakuna programu, na waandishi wa programu hawaji kwa sababu hakuna watumiaji.

Mwanzo wa Be

Mwanzilishi wa Be alikuwa Jean-Louis Gassée, Mfaransa aliyewahi kuiongoza Apple nchini Ufaransa na baadaye kusimamia utengenezaji wa bidhaa za Apple makao makuu. Aliondoka mwaka 1990 na kuanzisha kampuni yake pamoja na Steve Sakoman, mhandisi aliyetoka naye. Wazo lao lilikuwa la wazi: mifumo iliyokuwepo ilijengwa kwa mashine dhaifu za zamani, halafu ikawekewa viraka mwaka hadi mwaka. Wao wangeanza na karatasi tupu na kujenga mfumo unaofaa muziki, picha na video, unaoweza kuzigawia kazi prosesa mbili au zaidi kwa wakati mmoja.

Mtu wa biashara asikiapo "karatasi tupu" aanze kuhesabu. Gharama ya mfumo endeshi iko karibu yote katika nakala ya kwanza. Unalipa mishahara ya wahandisi kwa miaka kabla hujauza chochote, na ukishamaliza, nakala ya pili ni gharama ya sidii tu. Ukiuza nakala milioni mia moja, unakuwa tajiri wa kutisha, kama Microsoft. Ukiuza elfu kumi, hujarudisha hata mishahara ya mwaka mmoja. Sijui biashara nyingine ambayo pengo kati ya hali hizo mbili ni pana kiasi hicho.

Tena msingi wa Be ulikuwa mikononi mwa wengine. Mashine yao ya majaribio ilitumia prosesa ya AT&T iliyoitwa Hobbit. AT&T ikaachana na Hobbit, na Be ikalazimika kuhamia prosesa ya PowerPC na kurudia sehemu kubwa ya kazi. Kompyuta yao, BeBox, ilitoka Oktoba 1995 ikiwa na prosesa mbili. Watu wa ufundi waliipenda mno. Zilizouzwa hazikufika 2,000, na mwanzoni mwa 1997 kampuni iliacha kutengeneza mashine ikabaki na programu tu, BeOS.

Mlango ulifunguka mwaka 1996. Apple ilikuwa taabani. Mradi wake wa kuandika mfumo mpya, ulioitwa Copland, ulikuwa umeshindwa baada ya kula fedha na miaka, nayo ikaanza kutafuta mfumo wa kununua. BeOS ilikuwa tayari inafanya kazi kwenye prosesa zile zile za Apple. Mazungumzo yalifika kwenye bei. Kwa mujibu wa taarifa za wakati ule, Apple ilitaja kiasi cha dola milioni 125 na Gassée alitaka zaidi ya milioni 200. Hawakuafikiana. Desemba 1996 Apple ilitangaza kununua NeXT, kampuni ya Steve Jobs, kwa zaidi ya dola milioni 400, na mfumo wa NeXT ndio uliozaa mfumo wa kompyuta za Mac tunazoziona leo.

Hadithi hii husimuliwa kama ya mtu aliyekataa kipande akitaka mkate wote. Mimi naona inampunja Gassée. NeXT iliyolipiwa zaidi ya mara tatu ya zile milioni 125 ilikuwa sokoni tangu 1989, ikiwa na wateja wanaolipa na programu zilizokwisha andikwa na makampuni mengine. BeOS ya 1996 ilikuwa bado haijakamilika. Hata kuchapa karatasi kulikuwa na matatizo. Apple haikuwa inanunua kasi ya mashine. Ilikuwa inanunua miaka ambayo haikuwa nayo, na NeXT ndiyo iliyokuwa imeshaila miaka hiyo.

Tatizo la draiva

Baada ya hapo Be ilijaribu kuuza BeOS kwa wenye kompyuta za Mac na kwa watengenezaji waliokuwa na leseni ya kutengeneza mashine za aina hiyo. Mmoja wao, Power Computing, alikubali kuichukua. Kisha Jobs akarudi Apple, leseni zile zikakatwa mwaka 1997, na Apple haikutoa maelezo ya ndani ya mashine zake mpya. Mwaka 1998 Be ikahamia prosesa za Intel, yaani kwenye uwanja wa Microsoft mwenyewe.

Hapa ndipo msomaji asiye fundi anapaswa kusoma polepole, maana gharama kubwa imejificha. Kompyuta za kawaida hazitoki kiwanda kimoja. Kadi ya sauti inatoka kwa huyu, ya picha kwa yule, modemu kwa mwingine, printa kwa mwingine tena. Kila kifaa kinahitaji programu ndogo ya kukitafsiria mfumo endeshi, inayoitwa draiva. Mwenye Windows hakuwa na haja ya kuandika nyingi kati ya hizo. Kila kiwanda kilijiandikia chenyewe, kwa gharama yake, kwa sababu kifaa kisichofanya kazi kwenye Windows hakiuziki. Be ilipaswa kuandika zake yenyewe, au kukibembeleza kiwanda kitoe siri za kifaa chake kwa ajili ya wateja wachache. Na kifaa kikipitwa na wakati baada ya miezi minane, kazi inaanza upya. Hii ni gharama isiyoisha hata siku moja, na mwenye soko kubwa anaibebesha mabega ya wengine ilhali mgeni anaibeba mwenyewe.

Athari yake nimeiona kwa macho. Mjomba wangu ana duka la stationery Morogoro. Mwaka 2018 alichoka na nakala za Windows zisizo na leseni, akaweka Linux kwenye kompyuta tatu. Mashine zilikuwa nyepesi kuliko zamani na virusi vilikwisha. Printa mbili zilikubali; ya tatu, ile kubwa ya kurudufia aliyoitegemea msimu wa mitihani, ilichapa nusu ukurasa ikanyamaza. Hilo alilivumilia. Kilichomshinda ni wateja. Mwalimu analeta barua kwenye flashi, ameiandika nyumbani kwa Word; inafunguka, lakini mistari imesogea na jedwali limekatika. Mwalimu haulizi kosa ni la nani. Anachukua flashi yake anavuka barabara kwa jirani. Ndani ya mwezi mmoja mjomba alirudi alikotoka, safari hii kwa leseni halali, na gharama yake anaitaja hadi leo.

Linux ya mwaka 2018 ilikuwa na maelfu ya wahandisi duniani kote wanaoiandikia draiva, wengi wakilipwa na makampuni makubwa. Be ya mwaka 1998 ilikuwa kampuni moja ndogo. Sehemu yake ya mawasiliano ya intaneti ilikuwa dhaifu, na ile mpya iliyoahidiwa haikuwahi kutolewa rasmi. Kivinjari chake hakikuweza kufungua sawasawa kurasa nyingi za wakati ule. Ilikuwa ajabu kutazama BeOS ikicheza video kadhaa kwa mpigo bila kukwama, kisha ikashindwa kukuchapia barua moja.

Programu 70,000

Ushahidi bora kuhusu ugumu huu haukutoka kwa mhandisi bali mahakamani. Serikali ya Marekani ilipoishtaki Microsoft kwa kuhodhi soko, Jaji Thomas Penfield Jackson alitoa tarehe 5 Novemba 1999 maelezo marefu ya mambo aliyoridhika kuwa yamethibitishwa. Humo alieleza kikwazo cha programu: mtumiaji anataka mfumo wenye programu nyingi, na mwandishi wa programu anaandikia kwanza mfumo wenye watumiaji wengi. Jaji aliandika kuwa Windows ilikuwa na programu zaidi ya 70,000.

Kisha akataja OS/2, mfumo wa IBM. Ikumbukwe kuwa IBM haikuwa kampuni changa ya kuomba mtaji. Ilitoa OS/2 pamoja na Microsoft mwaka 1987, wakaachana, IBM ikaendelea peke yake na kutoa toleo la Warp mwaka 1994 kwa matangazo mengi. Kwa mujibu wa jaji, IBM ilitumia makumi ya mamilioni ya dola kuwavutia waandishi wa programu, na ilipofika kilele chake OS/2 Warp ilikuwa na programu kama 2,500 na takriban asilimia 10 ya soko la mifumo ya kompyuta za aina ya Intel. Haikutosha. IBM ilifunga huduma zake za kawaida kwa OS/2 mwishoni mwa mwaka 2006.

Kuna jambo moja katika OS/2 ambalo ningependa kila mwenye mtaji alikumbuke. IBM iliona kikwazo hicho mapema, ikatafuta njia ya mkato: OS/2 iliweza kuendesha programu zilizoandikwa kwa ajili ya Windows. Mteja asingepoteza kitu kwa kuhama. Lakini mwandishi wa programu naye alipiga hesabu yake. Akiandika kwa ajili ya Windows anapata masoko yote mawili kwa kazi moja. Ya nini basi kuandika kwa ajili ya OS/2? Daraja lililojengwa ili watu waingie likawa sababu ya kutohamia.

Be ilisoma hali hiyo na kuchagua unyenyekevu. Haikusema inakuja kuiondoa Windows. Ilisema BeOS ikae kando ya Windows kwenye kompyuta ile ile, mteja atumie Windows kwa ofisi na BeOS kwa muziki na video. Mkakati huo ulikuwa na akili, ila ulihitaji ruhusa ya mtu wa tatu.

Anayelipa si anayetumia

Mtu huyo ni mtengenezaji wa kompyuta. Watu wengi hawanunui mfumo endeshi. Wananunua kompyuta, na mfumo wanaukuta ndani. Kwa hiyo mteja halisi wa Microsoft alikuwa kiwanda. Na kiwanda kilihitaji bei nafuu ya leseni ya Windows kuliko kilivyohitaji urafiki wa Be.

Hitachi ya Japani ilikubali kuweka BeOS pamoja na Windows katika baadhi ya kompyuta zake mwishoni mwa miaka ya 1990. Zilipotoka, BeOS ilikuwa ndani kweli, lakini mashine ikiwashwa haikuonyesha kuwa kuna chaguo la pili. Mnunuzi alipaswa kufuata maelekezo maalumu ili kuufichua mfumo ambao alikuwa ameshauchukua bila kujua. Baadaye Be ilidai mahakamani kuwa mikataba ya Microsoft na viwanda ilikataza kubadili chochote katika hatua za kuwaka kwa kompyuta. Mwanzoni mwa 1999 Gassée alitangaza hadharani kuwa atatoa BeOS bure kwa kiwanda kitakachokubali kuionyesha mteja awashapo mashine. Hakuna kilichojitokeza.

Simama hapo kidogo. Bidhaa iliyosifiwa, inatolewa kwa bei ya sifuri, na hakuna anayeichukua. Mfanyabiashara wa Kariakoo akipewa bidhaa bure anauliza mtego uko wapi, na kiwanda nacho kiliuliza hivyo hivyo. Gharama ya kuichukua BeOS haikuwa kwenye ankara ya Be. Ilikuwa katika uhusiano wa kiwanda na Microsoft, na katika simu za wateja waliochanganyikiwa.

Tangazo hilo lilitolewa miezi michache kabla ya hisa kuuzwa kwa umma. Yaani mwekezaji wa Julai 1999 angeweza kulijua. Katika miaka yake ya kuuza programu Be haikupata faida hata mwaka mmoja, na hilo pia halikuwa siri.

Basi hisa ilipandaje? Soko zima lilikuwa na homa. Agosti 1999 kampuni ya Red Hat, inayouza huduma za Linux, iliingia sokoni na bei ikaruka. Tarehe 9 Desemba 1999 VA Linux iliuza hisa kwa dola 30 na siku hiyo hiyo ikafunga kwa dola 239.25. Wanunuzi walikuwa wanatafuta chochote chenye sura ya kumpinga Microsoft, ambaye jaji alikuwa ametoka kumwelezea vibaya mwezi mmoja kabla. Be ilikuwepo, ndogo na nafuu, na wimbi likaibeba. Bei ya dola 30 haikutokana na mauzo ya Be. Mauzo yalikuwa madogo sana.

Januari 2000, hisa ikiwa bado juu, uongozi ulitangaza kubadili mwelekeo. BeOS ya kompyuta ingetolewa bure kwa matumizi binafsi, na nguvu zingeelekezwa kwenye vifaa vidogo vya intaneti vya nyumbani, ambako Microsoft haikuwa imeshika mlango. Kampuni inayogawa bure bidhaa iliyoiandika kwa miaka tisa inakuwa imesema jambo kubwa kuhusu bidhaa hiyo, hata kama imelisema kwa furaha. Kifaa kikubwa kilichotumia programu hiyo mpya, eVilla ya Sony, kiliingia madukani katikati ya 2001 na kikaondolewa kabla miezi mitatu haijatimia. Mwezi huo huo wa Agosti 2001 ndipo Palm ilipokubaliana kuinunua Be.

Piga hesabu mwenyewe. Hisa za Be zilikuwa makumi ya milioni. Dola milioni 11 ukizigawa kwa hisa hizo, hazifiki dola moja kwa kila hisa, na wapo walionunua kwa 30.

Lakini kampuni haikufungwa mara moja. Ilibaki na mali moja ambayo Palm haikuichukua, yaani haki ya kumshtaki Microsoft. Ilifungua shauri Februari 2002 ikilalamikia mikataba ile ya viwanda. Septemba 2003 pande mbili zilimalizana nje ya hukumu: Microsoft ililipa dola milioni 23.25, bila kukiri kosa. Maana yake ni kwamba lalamiko la Be kuhusu kunyimwa rafu lilipata bei zaidi ya mara mbili ya programu yenyewe. Katika kumbukumbu zangu za soko sijapata takwimu mbili zinazoeleza biashara ya mifumo endeshi vizuri kuliko hizo.

Msomaji asidhani kuwa ni tatizo la wadogo. Zamu ilipofika ya simu, Microsoft mwenyewe alikuwa mgeni. Windows Phone ilitoka mwaka 2010, iPhone na Android zikiwa zimeshapata waandishi wa programu. Microsoft ilinunua biashara ya simu ya Nokia, mkataba ukakamilika Aprili 2014, na Julai 2015 ikafuta katika vitabu vyake dola bilioni 7.6 zilizohusu ununuzi huo. Fedha ilikuwepo, wahandisi walikuwepo, simu zenyewe zilikuwa nzuri. Programu hazikuja.

Na hapa kwetu? Mwaka 2019 Vodacom Tanzania ilileta Smart Kitochi, simu ya bei ndogo yenye vitufe iliyotumia KaiOS. Mfumo huo ulizaliwa kutokana na Firefox OS, jaribio la Mozilla lililoachwa, na mwaka 2018 Google iliuwekea dola milioni 22. Uliteka sehemu kubwa ya soko la India kupitia simu za Jio. Kwa mnunuzi wetu KaiOS ilikuwa na maana moja hasa: WhatsApp kwenye kitochi. Mwaka 2024 WhatsApp ilisitisha kupakuliwa upya katika simu za KaiOS, na waliokuwa nayo wakapewa muda hadi mwanzoni mwa 2025. Simu haikuharibika, betri na mtandao vilikuwa vile vile. Muuzaji aliyebaki na katoni za simu hizo dukani anajua bei yake ilikwenda wapi.

Huawei ndiyo mfano wa kinyume unaotajwa sana. Baada ya Marekani kuiwekea vikwazo Mei 2019, ilitangaza HarmonyOS Agosti mwaka huo, na Oktoba 2024 ikatoa toleo lisilotegemea tena programu za Android. Lakini Huawei inatengeneza simu zake yenyewe, inaziuza kwa wingi China, na haikuwa na njia ya kurudi. Anayekuletea waraka wa matarajio wa mfumo mpya akijilinganisha na Huawei, muombe akuonyeshe kiwanda chake na wateja wake. Vinginevyo fungua ukurasa wa mambo ya hatari na utafute majina: ni watengenezaji gani wametia saini, na ni waandishi gani wa programu wameshaanza kuandika kwa fedha zao wenyewe. Mazungumzo "yanayoendelea" usiyahesabu.

Maarifa ya Be hayakupotea. Dominic Giampaolo, mmoja wa walioandika mfumo wake wa kuhifadhi mafaili, alihamia Apple na akashiriki kuunda ule unaotumika leo katika iPhone. Wengine waliopitia Be na Palm walikwenda kuijenga Android. Wenye hisa wa 1999 hawakuwa na fungu katika hayo.

BeOS yenyewe ina warithi. Mwezi Agosti 2001, Palm ikiwa inainunua Be, watu wa kujitolea walianza kuiandika upya kutoka mwanzo bila malipo, na leo kazi yao inaitwa Haiku. Toleo la tano la majaribio lilitoka Septemba 2024. Toleo la kwanza rasmi, walipolitoa hilo la majaribio, lilikuwa bado halijatoka, na walikuwa wameandika kwa miaka 23. Hawana hisa za kuuza.